Choo cha Mlinzi wa Upepo

Katika kazi zote nilizowahi kufanya, iliyomchekesha mama mpaka akakaa chini ni ile ya kulinda upepo. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Nyarugusu baada ya miaka sita ya kupanda na kushuka kwenye maduara ya watu, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, na faida yangu yote ilikuwa redio moja, karai moja la kuoshea mchanga wa dhahabu, na kikohozi. Kijiji chetu kiko upande wa Mwakitolyo, kwa hiyo hata huko dhahabu haikuniacha nipumzike. Ukikaa kijiweni, kila mtu ana shemeji yake aliyepata jiwe akajenga nyumba ya bati. Mimi sina shemeji wa namna hiyo.

Basi likaja lori na bomba refu la chuma. Likasimamishwa uwanjani nyuma ya kwetu, likafungwa waya nene pande zote, na kila waya ukazamishwa chini kwenye zege. Juu kabisa kulikuwa na vikombe vitatu vinavyozunguka na mkia wa kuonyesha upepo unakotoka. Chini kulikuwa na kisanduku chenye kufuli kinachoandika kila kitu chenyewe. Aliyekuja nalo alikuwa injinia wa kike, kijana tu, amevaa mabuti makubwa kuliko miguu yake. Alipomfikia mama alipiga magoti na mabuti yake yale akasema shikamoo, na tangu hapo mama hakutaka kusikia neno baya juu yake.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kisima kirefu cha kijiji kilikuwa na mashine ya dizeli, na dizeli ilitushinda, mashine ikawa kiota cha kuku. Wanawake wakarudi kuchota kwenye lambo, kwenda na kurudi ni nusu ya asubuhi, na maji yenyewe unagombania na ng'ombe. Mama yangu ana magoti mabovu. Akiinuka yanalia kama mlango wa ghala, na bado kila siku alikuwa anajitwika ndoo. Injinia alisema wapo watu tayari kulipia mashine ya upepo ya kuvuta maji, ila kwanza upepo upimwe mwaka mzima bila kukatika hata wiki. Kipimo kikiharibika, hela zinakwenda Singida, ambako upepo hauhitaji kutafutwa. Nikaajiriwa mlinzi. Nikapewa koti linalong'aa, filimbi na daftari, nikaanza kutembea kama mkuu wa wilaya.

Siku hiyo ya kwanza mama alikuwa anapeta mtama uani. Akamwambia injinia, bila kuacha ungo, kwamba asijisumbue mwaka mzima, upepo wa hapa yeye anaujua. Unaanza jua likishapanda, unatoka upande wa mawio, unakata ng'ombe wakirudi zizini. Mwezi wa sita mpaka wa kumi unafanya kazi vizuri. Mvua zikianza unalala, na ukiamka siku hizo umeamka na hasira, unaondoka na paa la mtu. Injinia aliandika yote kwa heshima, kisha akasema ofisini hawawezi kutoa fedha kwa neno la mama, wanataka la chuma.

"Upepo ni wa bure," mama akamwambia. "Mbona unapimwa kwa hela nyingi hivi?"

Yule binti hakukasirika. Alieleza kwamba upepo kweli ni wa bure, ila cha kuukamatia si cha bure. Dizeli unalipa kidogo kidogo mpaka uzeeke, lakini mashine ya upepo unailipa yote siku ya kwanza: chuma, zege, lori la kupita kwenye udongo wetu mweusi, fundi, na vipuri vya kesho. Ukishalipa ndipo ugundue upepo haupo, umenunua mnara wa kunguru. Na upepo una hila, akasema. Ukizidi mara mbili, nguvu yake inazidi mara nane, na ukipungua nusu, nguvu inabaki sehemu moja ya nane. Kwa hiyo ukiukadiria vibaya kidogo tu, umekosea sana. Mama alifikiri, akatikisa ungo, akasema ndiyo maana upepo wa kubahatisha haupeti mtama, unaumwaga. Injinia aliandika na hilo.

Mama ana desturi yake: upepo ukikata katikati ya kupeta, anauita kwa mluzi. Mluzi mwembamba, mrefu, kama anaita mbuzi. Mimi na koti langu nikamkataza. Nilimwambia kabisa kwamba akipiga mluzi jirani na mnara ataharibu kipimo, wataandikiwa upepo ulioitwa badala ya upepo uliojileta. Ndipo alipocheka mpaka akakaa chini. Nilinuna siku mbili.

Lakini shida haikutoka kwa mama. Ilitoka kwa majirani. Hawa ni watu waliokulia kwenye dhahabu, na mtu wa dhahabu ukimwambia kuna mgeni amekuja na kipimo, hakuulizi anapima nini. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja akauzunguka mnara mara tatu na mikono nyuma, akaniuliza kwa sauti ya chini wamefikia futi ngapi. Nikamwambia wanapima upepo. Akanitazama kwa huruma. Hakuna binadamu, akasema, anayeweka chuma cha hela zote zile kupima kitu kisichoshikika. Vile vikombe ni geresha. Kazi inafanywa na waya, ndizo zinazosikiliza chini, na kisanduku kinaandika. Kama ni upepo, kufuli la nini? Nani ataiba upepo?

Nilibishana nao kila siku. Nilichora vikombe kwenye vumbi, nikaeleza mambo ya mara nane, nikapandisha hasira, nikapiga filimbi mtu alipoegemea waya. Kadiri nilivyokasirika ndivyo walivyoamini. Walisema mwangalieni alivyo mkali, huyo ameonyeshwa kitu.

Sasa nitasema ukweli, na aibu nitaibeba mwenyewe. Ukiambiwa jambo kila siku kwa miezi sita, hata kama ni la kijinga, linakuingia. Nilijua ni upepo. Niliziona zile tarakimu kwa macho yangu injinia alipokuja kuchukua kadi ya kumbukumbu kisandukuni. Lakini nilianza kuzitazama zile waya. Nikajiuliza mbona ule wa kaskazini ndio aliokuja kuugusa mara mbili. Nikakumbuka kwamba kule Nyarugusu watu walitajirika kwenye sehemu niliyokuwa nakojoa mimi. Siku moja ya mnada, kitongoji kizima kimekwenda kuuza na kunywa, nikachukua jembe na sululu, nikaanza kuchimba hatua moja tu kutoka kwenye zege la waya wa kaskazini. Maana, nilijiambia, kama waya zinasikiliza, zinasikiliza pale. Ndicho kichwa nilichopewa na Mungu.

Nikawa nachimba kila siku ya mnada. Kuchimba nakujua, hilo hakuna wa kunifundisha. Nilikata vishikio vya miguu ukutani, nikawa nashuka na kupanda mwenyewe na ndoo ya kifusi. Wiki ya tatu mwenyekiti akaniona nimechafuka mpaka kwenye nyusi. Akauliza ni nini kile. Nikasema choo. Mlinzi naye ni mtu, anahitaji choo chake. Akachungulia akasema choo cha mtu mmoja, futi kumi na mbili? Nikasema nakula sana.

Akaondoka. Kesho yake alianza kuchimba choo chake, upande wa pili wa mnara. Keshokutwa yake jirani yetu naye akakumbuka kwamba hana choo. Mwisho wa mwezi kulikuwa na vyoo tisa kuuzunguka mnara, kila mwenye choo anachekecha udongo wake kwanza kabla ya kuutupa, na wakikutana asubuhi wanaamkiana na kuulizana habari za matumbo. Hakuna aliyemdanganya mwenzake hata kidogo, na hakuna aliyesema ukweli.

Bwana afya wa kata alipita na pikipiki yake, akasimama, akavua kofia. Miaka yote alikuwa anatubembeleza kuchimba vyoo, tumemkimbia. Aliitisha mkutano palepale, akasema hajaona kitongoji chenye mwamko kama hiki, akauliza nani alianzisha. Vidole vyote vikanielekea. Nikapigiwa makofi. Mama alikuwa amekaa nyuma na ndoo yake, na hakupiga.

Choo changu kilifika futi kumi na nane, na pale sululu ilizama kwenye tope. Kisha maji yakaanza kuchuruzika, baridi, yakanifunika vidole. Nilitukana matusi yote niliyofundishwa Nyarugusu. Mchimbaji akikuta maji, duara limekufa. Nikapanda juu nimejaa hasira, na nilipoinua macho, mnara ulikuwa umepinda. Zege la kaskazini limeteleza kuelekea kwenye shimo langu, waya umelegea, na vikombe vinazungukia upande kama mlevi anayetafuta kofia. Nilifunga ule waya kwa kamba ya ng'ombe kwenye kigingi, nikavuta, nikaomba. Mnara haukusogea.

Siku mbili baadaye injinia akaja kuchukua kadi yake. Mama alikuwa anapita hapo na ndoo kichwani, ndiyo kwanza anaanza safari ya lambo, akasimama. Injinia alitazama mnara, akatazama kamba ya ng'ombe, akalifuata lile zege mpaka kwenye mdomo wa shimo. Kwenye mdomo wa shimo lilikuwepo karai langu. Za mwizi ni arobaini, na mimi hata arobaini sikufikisha.

"Nani amechimba hapa?" akauliza.

Nilifungua mdomo niseme ni choo. Mama akashusha ndoo.

"Ni mwanangu," akasema. "Ananichimbia kisima. Magoti yangu yamechoka na lambo, na chuma chenu kinataka mwaka."

Injinia akaliinua lile karai, akaligeuza. Yeye mwenyewe, nilikuja kujua baadaye, amekulia Geita na baba yake alikuwa nalo kama lile. Akauliza kwa upole hili ni la nini. Mama akalichukua mkononi mwake, akanipa, akaniambia nishuke nikamchotee. Nikashuka. Nikamletea maji yenye rangi ya chai ya maziwa, na mama yangu, mbele ya macho ya injinia, akayanywa yote.

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena habari za karai. Injinia alikaa kwenye kifusi changu na daftari lake akasema mambo mawili. La kwanza, vipimo vyote tangu zege lilipoanza kuteleza havifai, mwaka umekatika, na ofisi haitalipia mwingine. Mnara utang'olewa, utakwenda Singida. Hapo nilitamani shimo linifunike, kwa sababu nilimwona mama anatazama njia ya lambo. La pili, miezi saba iliyosalimika inatosha kuonyesha upepo wetu ukoje, nao uko vilevile alivyosema mama siku ile na ungo wake, mpaka saa ya kukata. Kwa kisima kile kirefu cha dizeli usingetosha. Kuvuta maji kutoka chini kote kule kungetaka mashine kubwa na hela ambazo hakuna mtu angezitoa. Lakini maji ya futi kumi na nane ni habari nyingine. Hayo hata mashine ndogo ya upepo, ya mapanga mengi, ingeyavuta miezi ya kiangazi. Ataandika barua, akasema. Ameandika kweli. Ofisi bado inaisoma.

Alipoondoka tulibaki mimi na mama na shimo. Nilitaka kumwomba radhi, nikaanza maneno mengi, mara majirani, mara waya, mara Nyarugusu. Mama akanikatiza.

"Nimemwambia mtoto wa watu kwamba unachimba kisima," akasema. "Mimi si mwongo. Shuka."

Nikashuka. Nililia kule chini, maana shimoni hakuna anayekuona, kisha nikachimba. Futi nne zaidi, maji yakiwa kiunoni, nikitoa tope na ndoo ileile. Wenye vyoo waliposikia kwamba nimepata maji walifukia vyao kwa uchungu mkubwa, halafu wakaja na mawe tukajengea kuta, na mwenyekiti alilipekua kila jiwe kabla ya kunipa. Bwana afya hajui mpaka leo vyoo vyake vilikwenda wapi.

Maji yalipotulia mama alivuta ndoo ya kwanza mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Hakuyanywa. Aliketi kwenye jiwe, akapandisha kanga, akayamwaga taratibu kwenye magoti, goti moja kisha jingine, mpaka ndoo ikaisha. Akavuta ya pili, akajitwika, akaenda nayo nyumbani huku anapiga mluzi. Ni hatua mia moja na kumi. Nilizihesabu zote.