Hiba Alivyoitetea Marekani Mjini Jeddah

Safari hii ilianzia kwenye ubao wa matangazo wa shule yetu ya kimataifa mtaani Malaz, Riyadh. Hapo ndipo mimi, binti wa Machakos, ninapowafundisha watoto wa Kisudani, Kimisri na Kipakistani historia ya Marekani. Hata mmoja hajaikanyaga nchi hiyo, lakini mito yake wanaijua yote, na kila mwaka hupiga kura darasani, chama cha punda cha Democratic dhidi ya chama cha tembo cha Republican. Mwaka huu walioshindwa walikataa matokeo, wakadai sanduku limechezewa. Mkuu wa shule, Mmarekani mpole, alisema hilo nalo ni somo. Kwetu Kenya somo hilo tunalipata bila karo.

Tangazo lilihusu shindano la mdahalo mjini Jeddah, na zawadi ilikuwa nafasi ya chuo Marekani, gharama zote zikilipwa. Tukamchagua Hiba, Msudani wa darasa la mwisho, msichana mwenye ulimi kama wembe. Kwao Khartoum kuna vita, na baba yake hana uwezo wa kumlipia chuo. Nafasi hiyo ndiyo aliyoitegemea. Kisha, siku chache kabla ya kuondoka, ikaja habari kwamba Marekani imewafungia mlango wenye pasi za kusafiria za Sudan kama yake.

"Siasa hubadilika," mkuu akatuambia. "Nendeni tu. Mshindi hakosi kusaidiwa."

Alfajiri tuliondoka kwa gari la shule, mimi, Hiba na mama yake, aliyebeba chai na tende za kutosha kijiji. "Yalla, twende," akasema, na jangwa likaanza. Hiba alirudia hoja zake njia nzima, hadi nikahisi ningeweza kuzikariri usingizini.

Tulipopita Taif, njia iligawanyika. Kwa kuwa mimi ni Mkristo, na Makka huingia Waislamu tu, tulishika barabara inayoizunguka Makka.

"Tunazunguka kwa ajili yako, ticha," Mama Hiba akanitania kwa Kiarabu.

"Mwenye nyumba ndiye mwenye mlango, mama."

Hiba akainua uso kutoka kwenye karatasi zake. "Lakini Makka haikubandika tangazo Malaz kukualika."

Nikaomba tende nyingine.

Jioni tulifika Ghulail, mtaa wa Jeddah, kwa mwenyeji wetu Bi Saida, mzaliwa wa Lamu ambaye duka lake dogo hunukia maandazi kuliko sabuni anazouza. Alitukumbatia sote, kisha akamshika Hiba kidevu.

"Huyu ndiye wa Marekani?"

"Bado, Bi Saida," nikasema. "Kuna shindano, halafu kuna viza."

"Ajabu! Nchi inawafunza watoto wa watu nyimbo zake, wakishazijua inawaambia mafi, hakuna nafasi? Mwanangu, mgeni huambiwa kabla hajavua viatu."

Asubuhi, ukumbini, tulikuta desturi ya midahalo hii: upande wa kutetea huchaguliwa kwa kura, utake usitake. Hiba alitia mkono kikapuni. Akatoa karatasi, akaisoma, akacheka peke yake. Alitakiwa kutetea kwamba Marekani ni nchi iliyo wazi kwa watu wote.

Aliitetea. Jamani, aliitetea! Aliwataja wahamiaji, maabara na maktaba, kwa sauti tulivu, mpaka mimi mwenyewe nikatamani kufunga mizigo. Mama yake, asiyejua Kiingereza, alilia kwa fahari. Majaji wakampa ushindi bila kubishana, na mkubwa wao, Mmarekani mwenye tai nyekundu, akampa mkono.

"Tutaonana huko kwetu!"

"Viza yake je?" nikamuuliza.

Akakuna shingo. Zawadi ni ya chuo, akasema, viza ni ya serikali, na hao wawili hawasikilizani. Halas, ikaishia hapo.

Hiba akanigeukia akitabasamu, macho yamelowa. "Ticha, nimewashawishi wote. Kabaki yule wa mlangoni."

Niliumia, siwafichi. Nilikuwa nimemfunza kubisha hodi vizuri sana.

Njiani kurudi tulipita tena Taif. Kisha Hiba akauliza, "Nairobi kuna vyuo?"

"Tele."

"Na wanaoshindwa uchaguzi hukubali?"

"Hukubali. Wakishatoka mahakamani."

Mama Hiba akacheka alipotafsiriwa.

"Basi kura imekuangukia wewe," Hiba akasema. "Tetea Nairobi."

Nikaitetea. Nilikiri foleni, nikakiri migomo ya wahadhiri, nikasifu mvua na chapati. Mimi niliyeikimbia Kenya kutafuta kazi nilijikuta naipigania kama mgombea. Mama Hiba alisikiliza yote, akauliza moja tu: "Mlangoni watampokea?"

Hapo mzaha uliniisha. "Watampokea, mama. Wasudani wamesoma kwetu tangu zamani. Atafikia nyumbani kwetu."

Tuliingia Riyadh Hiba akiwa anasoma masharti ya vyuo vya Nairobi kwenye simu. Nami nilijifunza kwamba ni rahisi kuicheka nchi ya watu, kazi ni kuisemea yako. Kwa hiyo ninyi mnaonisoma huko nyumbani, mwakani akitokea msichana wa Kisudani kuwauliza nani alishinda uchaguzi, mjibuni kweli. Ila mlango msimfungie. Nimeshamwambia mama yake hatuna tabia hiyo.