Kisanduku Kisichopata Joto

Mama hakuiamini mashine isiyopata joto. Kiwandani kwao, wanakokagua chupa kwa macho, kila mtu hugusa mota kwa kiganja kabla ya kukaa: ikiwa ya moto, inafanya kazi, ikiwa baridi, imekufa. Ndivyo walivyofundishana, na sioni cha kuwacheka.

Mama aliketi meza ya pili ya mkanda. Ya kwanza alikaa wifi yake, yaani shangazi yangu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Chupa zenye ufa zilimpita, Mama akazidaka. Miaka miwili walificha siri hiyo, maana shangazi angefukuzwa, na nani angemwajiri tena?

Kisha fundi akaja na visanduku viwili vyenye kamera, akafunga kimoja juu ya kila meza.

"Mama, hiki kinaona kila chupa papo hapo," alisema. "Chipu yake imeundwa kwa kazi hiyo moja tu, ndiyo maana kinakula umeme kidogo kuliko taa ya friji."

"Na kikishaona kinamwambia nani?"

"Hakitumi picha popote. Kinahesabu nyufa tu."

Tu! Neno hilo lilimkereketa Mama. Fundi alipoondoka, akapanda juu ya kreti, akakibandika kiganja. Baridi. Akagusa na cha shangazi. Baridi vilevile. Mwaka uliotangulia uongozi ulitundika kamera getini. Mlinzi alipoifuta vumbi, akakuta ganda tupu. Mama akaona mchezo ni ule ule.

"Wifi, tulia," alinong'ona. "Wametuwekea sanamu ya kututisha. Hakina uhai."

Shangazi alikuwa amepanga kuomba ahamishiwe stoo, akafunge maboksi, kabla mambo hayajaharibika. Akaacha.

Baada ya wiki tatu meneja alikuja na karatasi ya hesabu za visanduku vyote viwili, akamsifu Mama mbele ya wote. Chupa mbovu mia nne na kumi na mbili zilipita meza ya kwanza, na yeye alizidaka zote. Kuanzia Jumatatu atakuwa msimamizi. Shangazi akaambiwa apite ofisini. Mama alitamani ardhi ipasuke immeze.

Shangazi alivua aproni polepole.

"Wifi, kile kisanduku ulikigusa kweli?"

"Haki ya Mungu nilikigusa! Kilikuwa baridi!"

Shangazi alimtazama, au alijaribu kumtazama, kwa macho yale yale.

"Haya, msimamizi," akasema, akaenda zake.