Kiangazi cha Kuomba Moto

Juzi, hapa Kerege, jirani yangu wa nyuma ya ukuta alichoma majani ya uwanja wake. Moshi ukapanda, ukavuka ukuta, ukaingia jikoni kwangu bila hodi. Nisikufiche, mimi mtu mzima na akili zangu nilijikuta nimeshika ufagio, nafagia kuizunguka nyumba, juu ya vitofali vya saruji ambavyo haviungui hata uvimwagie mafuta ya taa. Binti yangu akaniuliza, "Mama, kwani kuna mgeni?" Nikamwambia hapana. Sikujua nianzie wapi kumweleza.

Wewe nitakueleza, maana nadhani na wewe unayo harufu moja inayokurudisha kwenu.

Mimi nimekulia kaskazini ya mji wa Bagamoyo, kijiji cha mikorosho na mihogo, karibu na jangwa la chumvi. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, juu makuti. Tuliishi wanne: bibi yangu, mama, mjomba na mimi. Masika yakishapita na majani yakishakauka, watu walichoma mashamba kuisubiri vuli, na wawindaji wa ndezi nao wakawasha vichaka vyao. Moto wa namna hiyo haujui mpaka wa shamba la mtu. Basi kila kiangazi bibi alitugeuza askari.

Kwanza tulikwatua. Tulilima majani kuizunguka nyumba mpaka mchanga ukabaki mtupu, kisha ikawa kazi yangu kufagia kila asubuhi, nisiache hata jani moja la mkorosho, maana jani la mkorosho lina mafuta na huwaka kwa furaha. Mjomba alichimba shimo uani. Humo tulishusha vyungu, sahani za bati za wageni, na mbegu za mahindi na choroko ndani ya kibuyu, tukafunika kwa bati kuukuu na udongo. Kuanzia siku hiyo tulikula kwenye sufuria moja, bada la muhogo na mboga ya tembele, vidole vinagongana, na mgeni akija anakula nasi hivyo hivyo. Bibi hakuona haya. Alisema, "Sahani zangu zimelala, zitaamka mvua ikinyesha."

Mbuzi walifungwa fundo la kuvuta mara moja. Mlango nao mjomba aliulegeza bawaba, ukawa umeegemea tu. Udongo na makuti, bibi alisema, vipo porini havina mwenyewe, lakini mlango wa mninga ukiungua hutaupata tena. Uliwahi kumwangukia mwalimu wangu wa madrasa alipokuja kunishtaki kwamba natoroka. Hakurudi tena kushtaki, na mimi nikaupenda mlango ule.

Kila mtu alikuwa na mzigo wake. Mjomba mlango, mama msahafu na furushi la nguo, mimi tenga la kuku. Bibi alipiga debe wakati wowote aliopenda, hata chakula kikiwa mdomoni, nasi tukakimbia na mizigo yetu mpaka jangwani, kwenye ule uwanda wa chumvi ambako hakuoti kitu, kwa hiyo hakuna cha kuungua. Yeye alikuja wa mwisho, mikono mitupu. Mzigo wake ulikuwa kumwaga maji jikoni kabla ya kuondoka. "Tukimbie moto wa watu," alituambia. "Wa kwetu tusimwachie mtu." Alilisema hilo kila mwaka, mpaka mimi na mama tukawa tunalimalizia kabla yake, naye akacheka.

Sasa nikwambie habari ya jirani. Alikuwa mjane, mtu wa kutoka Ubena, akiishi na mjukuu wake mdogo nyumba ya pili kutoka kwetu, baada ya mikorosho. Yeye na bibi walikuwa mashoga wa kweli, wa kugawana hata chumvi ya kidole. Viberiti vilikuwapo dukani, lakini pale kwetu mtu jiko lake likizima alikwenda kwa mwenzake kuomba moto. Ulichukua kigae, ukapewa kaa, ukakaa kidogo, ukapewa na habari za mjini. Nadhani nusu ya siku ambazo jiko la jirani yetu lilizima, alilizima mwenyewe. Kumnyima mtu moto ilikuwa aibu kubwa kuliko kumnyima chakula.

Ila kiangazi bibi aliweka sharti. Moto utaombwa alfajiri, umande ukiwa bado upo na upepo umelala. Jua likishapanda, kaa halitoki uani. Na jirani alilishika sharti hilo miaka yote.

Siku yenyewe alikuja baada ya adhuhuri. Nilikuwa nabangua korosho kivulini na upepo ulikuwa mkali, unapeperusha maganda. Hakukaa. Alisimama na kigae mkononi.

"Shoga, nipe moto."

"Jua hili, shoga?"

"Mtoto anatetemeka homa. Nataka nimpikie uji anywe dawa. Nilipokuwa namkanda, moto ukanifia."

Bibi aliutazama upepo kwenye matawi. Nakumbuka alivyoutazama, muda mrefu kwa mtu asiyependa kusitasita. Kisha akachota majivu, akalaza makaa mawili juu yake, akafunika kwa kigae kingine. "Tembea polepole," akasema. "Na usinishukuru, nenda."

Sikuwa nimemaliza korosho zangu tuliposikia ukelele. Jirani alirudi mbio, mjukuu mgongoni, kanga yake imeungua nusu. Alijikwaa kwenye kisiki, makaa yakamwagika majanini, akayapiga kwa kanga mpaka ikashika moto, ndipo akamkimbilia mtoto. Nyuma yake mikorosho ilikuwa inalia kwa milio mifupi mifupi.

Bibi akapiga debe.

Na kila kitu, rafiki yangu, kilikwenda kama tulivyofundishwa. Mjomba aliubeba mlango. Mama msahafu. Mbuzi walifunguka kwa kuvutwa mara moja. Nilikimbia na tenga langu, kuku wanapiga kelele, na hata mmoja hakunitoroka. Nilipogeuka nilimwona bibi anainama jikoni, anamwaga maji kwenye mafiga kama alivyoapa miaka yote. Moto wetu ulikuwa umeshatoka.

Jangwani tulikuta hakuna kilichopotea isipokuwa nyumba. Yetu, ya jirani, na nyingine upande wa kisima. Tulisimama juu ya chumvi na mlango wetu hauna pa kuingilia. Mama alilia. Bibi alimshika jirani mkono na hakuuachia, na mtoto alipewa maji na kivuli cha mlango uleule.

Siku iliyofuata mwenyekiti wa kijiji aliita mkutano. Waliounguliwa walikuwa na hasira, na haki yao. Walitaka kujua nani kawasha, na wengine walikuwa wameshamtazama mjane, maana kanga yake ilisema yote na yeye si mzaliwa wa pale. Bibi akainuka kabla hajaulizwa mtu.

"Moto umetoka jikoni kwangu," akasema. "Nimeutoa mimi, kwa mkono wangu, na upepo nikiuona. Mkitaka mtu, ni mimi."

 Alikuwa mwanamke ambaye kijiji kizima kilimcheka kwa kuogopa moto kupita kiasi, na sasa hakuna aliyecheka. Nilimwonea huruma hata nikatamani angesema uongo.

Alfajiri ya pili jirani hakuwapo. Alimchukua mjukuu wake akarudi kwao Ubena, bila kuaga. Bibi alizunguka akimwita kwenye majivu. Alikuwa amemsamehe kabla ya debe kulia, lakini hakupata nafasi ya kumwambia, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko nyumba.

Nasi tukahamia hapa Kerege, mjomba akajenga kwa matofali na mabati. Sahani tulizifukua, zilikuwa nzima. Mlango wa mninga ulitumika miaka mingi, kisha ukaja wa chuma. Leo tuna gesi, tuna ukuta, majirani nawajua kwa magari yao. Hakuna anayekwatua, na hakuna anayejua mwenzake atambeba nani siku ikifika.

Bibi hakuiamini gesi. Aliweka jiko la mkaa uani, na kila jioni aliyafunika makaa kwa majivu ili yaamke asubuhi. Tulidhani ni mazoea ya uzee. Siku yake ya mwisho, mchana, akaniita karibu.

"Jikoni kuna moto?"

"Tuna gesi, bibi."

"Moto, nakuuliza. Yule akija, msimwambie umezima."

Nikaenda uani nikawasha mkaa, na hatukuwa na cha kupika. Nikapepea mpaka ukakolea, nikamletea kaa moja juu ya kigae alione. Akalitazama, akaridhika, akafumba macho. Jiko lile liliwaka mpaka magharibi, na hakuja mtu kuomba.