Marahaba ya Bibi

Juma lililopita nilipanda Matombo, kwenye nyumba ya wazee ya misheni, nikiwa na swali la jirani yangu wa hapa Morogoro: mama yake anataka kurudi nyumbani au kubaki kule? Nilimkuta bibi huyo mkekani, analishwa uji kwa kijiko na msichana anayewatunza.

“Shikamoo, bibi,” nikasema.

“Marahaba,” akaitikia msichana.

Mimi nina mvi. Msichana huyo, Wadachi walipojenga boma la Morogoro, alikuwa hajazaliwa. Nikamuuliza bibi swali la bintiye.

“Anataka kubaki,” akajibu msichana, akimfuta bibi midomo. “Wazee hawa hawajui wanachotaka. Na miguu yenyewe imekwisha.”

Chungu kikafurika jikoni, akatoka mbio.

“Marahaba, mwanangu,” bibi akasema taratibu, kama mtu anayeokota kitu chake kilichoanguka. “Nyumbani nataka. Tangu masika nataka, ila hakuna aliyeniuliza.”

Akainuka mwenyewe, akajitanda kanga.

Msichana alitukuta mlangoni. Si mtu mbaya; huruma anayo tele, ila yote huitoa kwa kijiko. Bibi akamwinamia kidogo.

“Shikamoo, mama,” akamwambia.

“Marahaba,” akaitikia msichana kwa mazoea, kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Enyi mnaotunza wazee, Mungu awalipe. Walisheni, waogesheni, wafunikeni usiku kukiwa na baridi. Lakini marahaba zao waachieni.