"Tumesikia" Haikuwa "Tumekubali"

Mwanangu, keshokutwa unakwenda kuanza kazi kwenye shirika la mataifa mengi. Kaa kidogo nikusimulie siku moja ambayo haijanitoka moyoni mpaka leo.

Nilikuwa binti wa umri wako. Nilimaliza shule Korogwe, nikarudi nyumbani Sindeni na Kiingereza kilichonitia kiburi. Wageni kutoka Ulaya wakaja kutuchimbia lambo la maji, nikawa mkalimani wao. Mkuu wao, mhandisi Henrik, alikuwa mtu mwema, ila mwenye haraka.

Katika mkutano alionyesha ramani, akauliza kama tunaafiki mahali alipopachagua. Watu kimya. Kisha Mzee Mhando, msemaji wa kijiji, akasema taratibu, "Tumesikia. Tunamshukuru mgeni kwa kutujali."

Mwanangu, nilijua maana yake. Kwetu mtu mzima hamkatalii mgeni hadharani. Alikuwa anaomba muda. Lakini nilitaka nionekane hodari, nikamgeukia Henrik nikamwambia, "Wamekubali."

Wiki mbili baadaye katapila likafika, likakuta wazee wameketi chini, Wazigua na wafugaji wa Kimaasai pamoja, fimbo magotini. Pale palikuwa na makaburi ya zamani, yaliyowekewa mawe tu. Henrik akawaka. "Walikubali wenyewe! Basi tunapeleka mradi kwingine." Na mwaka ule, mama zetu walikuwa wakifuata maji mwendo wa nusu siku.

Mzee Mhando akaniita. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Siku ile nilisema nini?"

"Ulisema mmesikia."

"Na wewe ukampelekea neno gani?"

"Nilimwambia mmekubali."

"Mgeni hakutudharau," akasema, "na sisi hatukumdanganya. Aliyetugombanisha ni wewe. Nenda karekebishe."

Ningeweza kunyamaza, nani mwingine alijua Kiingereza pale? Lakini nilimwendea Henrik, nikamweleza yote. Akasema, "Kwetu asiyetaka husema sitaki, tena mbele ya watu. Anayenyamaza huwa amekubali. Nilidhani ni hivyo kila mahali." Halafu akaniuliza, "Sasa niwaulizeje?"

Nikamwambia aache mikutano, tupite nyumba kwa nyumba, tuanze na habari za watoto na mashamba. Siku tatu tulikunywa chai mpaka tukachoka! Siku ya nne Mzee Mhando mwenyewe akampeleka bondeni, mahali pazuri zaidi. Wafugaji wakaomba birika la kunyweshea ng'ombe kando, naye akalichora. Hata ofisi yao huko Ulaya alihangaika nayo, akaandika barua juu ya barua, mpaka wakakubali kwamba mradi wowote usianze bila kikao cha pili.

Lambo lile linanywewa hadi leo.

Huko uendako, mwanangu, mtakaa meza moja watu wa kila aina. Yupo atakayesema ndiyo kwa adabu tu, na yupo atakayesema hapana bila ubaya wowote. Usimhesabie mtu neno kabla hujajua kwao lina maana gani. Usione haya kuuliza mara ya pili. Na ukikosea, sema mapema, ungali na nafasi ya kurekebisha.

Mwenyezi Mungu akutangulie, akupe sikio lenye subira na ulimi mkweli, na wote utakaokaa nao wakuone ndugu. Amina.