Jina la Kaka Kwenye Fomu

Katika shule ya ufundi ya Goma alikojifunza ushonaji, Laurence Umutesi aliondoka na neno moja la mwalimu wake: mshono uliopinda haunyooshwi kwa pasi, hufumuliwa. Baadaye alishona sare za wanafunzi kibarazani kwa mama yake, mtaa wa Murara, katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya lava iliyopoa. Chini ya mawe hayo meusi ililala nyumba yao ya kwanza, iliyoungua volkano ilipolipuka mwaka 2002, pamoja na vyeti vyao vyote vya kuzaliwa.

Kaka yake, Janvier Niyitegeka, alikimbilia Uganda mwaka 2008. Mama alifariki miaka mitatu baadaye. Novemba 2012, waasi walipouteka mji, Laurence aliondoka na mkasi wake na namba ya simu ya Janvier isiyopatikana tena. Alijua tu kwamba kaka yake alisajiliwa huko Uganda, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kama angetambuliwa kuwa dada yake, angepelekwa huko.

Kampala alikaa wiki tatu bila mtu wa kumwita kwa jina. Siku ya kujaza fomu ya hifadhi katika ofisi ya wakimbizi, Mama Perpétue, mwanamke wa Bukavu aliyesimama nyuma yake kwenye foleni, alichungulia.

“Weye Umutesi, na ndugu yako Niyitegeka? Eh! Batu ba bureau batakuamini? Kwa hawa, batoto ba baba moya bako na jina moya.”

“Kwetu, mama, kila mutoto anapewa lake.”

“Kwenu ni kwenu! Andika Niyitegeka, maneno iishe. Ao unapenda kuzeekea kwa hii foleni?”

Laurence, ambaye hakuwahi kukata kitambaa bila kukichora kwanza kwa chaki, aliandika: Laurence Niyitegeka. Akatia sahihi.

Siku ya mahojiano, karani alifungua faili la Janvier.

“Kaka huyu yupo,” alisema. “Lakini ameandikisha dada mmoja tu: Laurence Umutesi, mwanafunzi wa ushonaji, Murara. Sasa wewe ni nani?”

Laurence alitazama mikono yake. Akikiri kwamba alitia sahihi uongo, huenda ombi lote likakataliwa. Akinyamaza, atasajiliwa kama mtu asiye na ndugu. Na kumbe Janvier alimwekea nafasi tangu 2008, Laurence angali nyumbani Goma, hajawaza kukimbia.

“Umutesi ni mimi, papa. Jina hili niliandika kwa woga. Niliona hamtaamini.”

Karani alishusha kalamu. “Dada, umejifuta mwenyewe.” Alilifunga faili. “Sitalikataa ombi lako. Ila kaka yako lazima athibitishe kwa maandishi. Uwe unakuja kila Jumatatu.”

Jumatatu sita Laurence alisikiliza orodha mpaka jina la mwisho, kisha akarudi chumbani kwake kwa miguu. Ya saba, karani alitoka na karatasi.

“Umutesi, Laurence.”

Tangu maziko ya mama yake, hakuna aliyelitamka jina hilo kwa sauti namna ile.

“Kaka yako amejibu. Utasafiri Alhamisi.”

Laurence aligeukia benchi walilozoea kukaa pamoja ili amwambie Mama Perpétue. Lakini Mama Perpétue alikwishapelekwa kambi nyingine, na mahali pake palikaa mzee asiyemfahamu, kofia magotini. Laurence aliketi kando yake, karatasi mkononi.

“Habari njema?” mzee aliuliza.

“Njema, muzee,” alijibu, akamwonyesha jina lake kwenye karatasi.