Shaba Ndani ya Shingo

Nyundo ndogo inagonga mara moja tu. Kichwa cha fimbo ya gofu kinaachana na shingo, kinadunda sakafuni na kubingirika hadi chini ya benchi.

Fundi anayejulikana mtaani kama Mama Cheche amebaki na nyundo hewani, kinyago chake cha kuchomelea kimepandishwa juu ya paji la uso. Mzee aliyeleta fimbo amejishika kifua. Binti yake, mkata nyasi wa uwanja wa gofu, amefunika mdomo kwa viganja viwili.

"Mungu wangu," fundi anasema. "Haijawahi kunitokea."

Kugonga ni kawaida ya kazi hii. Chuma kikishachomelewa, hugongwa ili lile ganda jeusi lidondoke na mshono uonekane. Mama Cheche amegonga mageti, vitanda na mikokoteni tangu wanawe wakiwa wadogo, na hakuna kilichowahi kumfia mkononi.

Na hii si fimbo ya kumfia mtu mkononi. Ni ya zamani, na ni ya mkono wa kushoto. Mzee, ambaye ujana wake wote aliwabebea wachezaji mifuko, alipewa na bwana mmoja siku bwana huyo alipoacha kucheza. Binti naye ni wa shoto kama baba yake. Jumamosi wafanyakazi wa uwanja wana mashindano yao, na katika stoo nzima hakuna fimbo nyingine ya mkono huo. Binti alipokuwa akijifua wiki iliyopita alipiga mzizi, shingo ya fimbo ikapata ufa.

"Bila hii nitasukuma mashine ya nyasi wenzangu wakicheza," anasema. "Kama kila mwaka."

Mzee anapaza sauti. "Fundi, umeniua! Kitu hakijawahi kuona moto tangu nikipewe, leo umekionyesha wewe, kimekufa!"

"Nisamehe, baba. Ngoja nikitazame."

Anapiga magoti, anapapasa chini ya benchi, anakileta kichwa kwenye mwanga wa mlangoni. Anatazama mahali kilipokatikia. Anatazama tena. Kisha anamwita binti aje ashuhudie, kana kwamba macho yake peke yake hayatoshi.

Katikati ya kijivu cha chuma kuna mstari wa manjano.

"Shaba," ananong'ona. "Baba, fimbo hii ilishavunjika zamani. Kuna fundi aliiunga kwa shaba, akapaka rangi ya fedha juu. Na mimi nimechomelea juu ya shaba bila kujua. Kwa moto huu wa umeme, mshono kama huo unapasuka wenyewe."

"Haiwezekani. Bwana yule aliniambia haina doa. Alinipa mbele za watu, wakapiga makofi!"

Jambo la kwanza alilofundishwa Mama Cheche ni kukwangua chuma mpaka king'ae kabla ya kukichomelea. Alifundishwa na mumewe, marehemu sasa, aliyemwachia mashine na watoto watatu. Kinyago hakikuwapo siku zile. "Nilikuwa nalala macho kama yametiwa mchanga," anakumbuka. "Naomba Mungu kukicha niuone mlango tu, mengine nitajaza mwenyewe."

Somo hilo hajalisahau. Ila asubuhi hii mzee alimsihi asiiguse rangi ile kwa grenda, mashine ya kukwangulia chuma.

"Mtu mwenye mvi akikwambia usikwaruze, utafanyaje?" anauliza. "Nimemheshimu mzee, nikaivunjia kazi heshima. Kosa ni langu."

Mzee yuko mbali kimawazo. "Kumbe alinipa kilichovunjika," anasema polepole. "Na mimi kila nikitoka kusali nakipaka mafuta kama mtoto mchanga."

"Basi, baba," binti anambembeleza.

"Niache kwanza."

Fundi anachuchumaa mbele yake. "Bwana huyo mimi simjui. Labda alijua, labda naye aliuziwa hivyo hivyo. Hilo tumwachie Mungu. Lakini hebu ona hapa: shaba imejaa, haina hata tundu la sindano. Umecheza nayo tangu lini?"

"Wewe hujazaliwa."

"Acha uongo, baba. Nina wajukuu."

Mzee anacheka bila kupenda.

"Aliyeishona alikuwa fundi hasa," Mama Cheche anaendelea. "Mkono uliokupa siujui. Mkono ulioiunga naujua, haukukudanganya hata siku moja."

Mzee anapitisha kidole juu ya ule mstari wa manjano.

"Kwangua," anasema. "Kwangua yote."

Grenda inalia. Rangi ya fedha inageuka vumbi, mshono wa asubuhi unaondoka, tupa inamalizia kwenye pembe. Safari hii Mama Cheche anawasha moto wa gesi. Kabla ya kuusogeza anafumba macho, midomo ikicheza. "Huwa namwambia moja tu," anaeleza baadaye. "Mkono ni wangu, shika Wewe."

Shingo inaiva taratibu. Shaba mpya inayeyuka na kuingia kwenye nafasi yake kama asali. Haimwagiwi maji, inaachwa ipoe yenyewe.

Kisha nyundo ile ile. Fundi anamnyooshea mzee.

"Mimi? Nina moyo mmoja tu!"

Binti anaichukua kwa mkono wa kushoto. Anagonga. Chuma kinalia kama kengele, na kichwa kiko palepale.

"Alhamdu… asante… Yesu na Maria," mzee anachanganya shukrani zote, anajifuta macho kwa kofia.

"Nipake rangi nifiche shaba?" fundi anauliza.

"Acha ionekane."

Mama Cheche amechomelea geti la uwanja ule mara mbili, lakini hajawahi kulivuka. Jumamosi ataingia, amealikwa.

"Nikisikia mpira umelia vizuri, nitapiga vigelegele," anasema. "Nikiona kimeruka kichwa badala ya mpira, nitakuwa nimeshafika nyumbani."